Umeme wa Njiku

Upepo ulipokatika, watu wa mji wa Hiari walianza kwa kuilaumu mitambo. Kesho yake wakamlaumu Mungu, kwa sauti ya chini. Zilipopita siku chache walikuwa wamempata wa kumlaumu kwa raha zao, naye alikuwa Kitundu Njiku, mfuga kuku.

Mwantumu Ntandu alizisikia lawama hizo akiwa kwenye foleni ya bomba la sokoni, ndoo miguuni, jua la Singida likimchoma utosini. Juu ya kilima mitambo ya upepo ilikuwa imesimama kimya, kila pangaboi limeelekea lilikotaka. Mbele yake mwanamke mmoja aliinamia wavu mdogo ulio juu ya koki, akataja jina lake, akangoja.

"Sauti imetambuliwa," likasema bomba. "Pampu haina umeme. Maji yaliyobaki kwenye tangi ni ya zahanati."

"Si vizibo ninavyo! Chukua vizibo vyangu uwashe!"

"Vizibo vyako havitoshi kuwasha pampu."

Mwanamke akaipiga koki teke. Bomba halina haya wala huruma, na kulipiga teke ni kujiumiza kidole. Foleni nzima ikageuka kumtazama Mwantumu, kwa kuwa aliyelifundisha bomba kusema hivyo ni yeye.

Mambo yalianza na upatu wa kina mama waliouza mafuta ya alizeti. Kila juma walichanga, mmoja akapokea, na mshika mchezo, ambaye huku wanamwita kijumbe, alikuwa mwanamke waliyemwamini wote. Walihesabu kwa vizibo vya soda. Mwantumu, fundi wa programu na binti wa mmoja wao, aliwatengenezea kijumbe asiyekufa wala kutoroka na michango. Kijumbe huyo aliishi ndani ya kila simu, kila mita na kila bomba, na hakuwa na ofisi ambayo mkubwa yeyote angeweza kuipigia simu. Mji ulipopewa ruhusa ya kujiendesha wenyewe, Kijumbe akawa ndiye benki, na kizibo kikawa fedha. Kizibo kimoja kiliwakilisha saa moja ya umeme uliomo kwenye betri zilizofukiwa chini ya kilima. Ukiwa nacho, umeme huo ni wako, na hakuna waziri anayeweza kuamka asubuhi akatengeneza vizibo vya bure. Betri zikikauka, na vizibo vimekwisha.

Sasa betri zilikuwa zinakauka, na umeme uliobaki karibu wote ulikuwa wa mtu mmoja.

Njiku hakuiba. Hilo hata waliomchukia walilijua. Miaka yote ambayo wenzake walipoza nyumba mchana kutwa, yeye alilala madirisha wazi. Kamati ya maji ilikuwa ikiuza maji kwa bei ya kujipendekeza, na akiba yake ndogo iliishia kwenye taa za jukwaa wakati wa sikukuu ya mji. Njiku hakwenda kwenye sikukuu. Alivaa katambuga zake zilezile za tairi, akaweka kizibo juu ya kizibo, watu wakamcheka.

"Mwantumu," akasema yule mwanamke wa bomba, akisugua mguu wake, "wewe si unao ufunguo?"

"Ninao."

"Basi unangoja nini?"

Ufunguo ulikuwa sauti yake. Alipomuunda Kijumbe, Mwantumu alitaka asiwe na ufunguo wowote, lakini waanzilishi wa mji waliogopa mashine isiyomsikia mtu. Wakataka awepo mmoja atakayeweza kuhamisha vizibo vya mwanachama bila ridhaa yake, siku ya maafa tu. Mkutano ungeweza kumwomba autumie, usingeweza kumlazimisha. Hajawahi kuutumia. Alichukua ndoo yake tupu akaenda kwenye mkutano, maana kengele ya kinu ilikuwa imeanza kulia.

*

Walikusanyika katika banda la kinu cha alizeti, chini ya bati lililokuwa linatoa joto la kuivisha mkate. Ukutani paliandikwa kwa rangi ya bluu: Hiari yashinda utumwa. Mwenye kuongea alikuwa Nyahiri Shango, muuguzi mkuu wa zahanati, mwanamke mpana asiyejua kunong'ona.

"Nina maji ya leo na kesho," alisema. "Nina wazazi wodini, mmoja amejifungua kwa upasuaji. Wataalamu wanasema upepo hautarudi wiki hii. Huyu Njiku umeme wake anaupeleka wapi? Anatamia mayai! Mwantumu, mdogo wangu, hebu niambie, yule mzazi nimwoshe kidonda kwa kitu gani? Kwa kanuni za mji?"

Watu wakacheka, kicheko cha hasira.

"Ipo gridi ya taifa," mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Nguzo yao ya mwisho iko pale mpakani. Tukikubali leo, jioni wanatuwashia."

Wote walijua sharti lake. Gridi ililipiwa kwa shilingi elekezi, na shilingi elekezi ilizaliwa ikijua kazi yake. Iliyoletwa kwa ajili ya ada haikununua unga. Iliyotolewa mkoa huu haikuvuka kwenda mwingine bila kibali, na ndiyo sababu maboza ya maji ya mjini hayakuweza kuuza hata tone kwa watu wa Hiari. Wengi waliokuwa chini ya bati lile walihamia pale wakiikimbia fedha hiyo.

"Baba yangu alipofariki," Mwantumu akasema, "nilikuwa na fedha ya kutosha kwenye simu. Ilikuwa fedha ya chakula. Ilikataa kununua sanda. Nilisimama dukani namweleza mwenye duka kwamba maiti iko ndani inaningoja, naye analia pamoja nami, na simu inasema matumizi hayaruhusiwi. Sirudi huko."

"Hakuna anayekurudisha," Nyahiri akajibu, sasa kwa upole. "Tunakuomba useme maneno mawili tu kwa Kijumbe. Mtu mmoja ana mayai, mji mzima una kiu. Hesabu gani ngumu hapo?"

"Hesabu ni nyepesi, dada. Ndiyo maana naiogopa. Waliotunga ile fedha ya kukataa sanda nao walikuwa na hesabu nyepesi. Nikimnyang'anya Njiku leo, kesho nani ataweka akiba? Kila mwenye vizibo vingi kuliko jirani yake atakaa akingoja mkutano wa kumjadili."

"Kesho hiyo wafu hawataiona."

Mwantumu aliona aibu kusimama mbele ya mwanamke aliyekuwa anatoka kwenye vitanda vya wagonjwa, yeye akitetea vizibo. Alimfikiria yule mzazi na kidonda chake. Kama angeambiwa achague kati ya mayai na yule mama, angechagua upesi. Lakini mayai yale yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwamo bandani. Hapo ndipo lilipomjia swali ambalo lingepaswa kuulizwa kabla ya kengele kulia.

"Nani amekwenda kwa Njiku?"

Watu wakatazamana.

"Nauliza, nani amefika kwake akamwambia tuna shida?"

"Kijumbe anajua kila kitu," kijana mmoja wa kamati ya maji akasema. "Na yeye Njiku habari si anazisikia?"

Mwantumu alihisi uso ukimwaka. Katika upatu wa mama zao, mwenye shida alimfuata mwenye zamu nyumbani kwake. Alikaribishwa, akakaa, akajiuliza aanzie wapi, akaomba. Jambo halikutajwa mchezoni kabla mwenyewe hajaambiwa, kwani kumtaja mtu mbele ya wenzake kwanza ilikuwa sawa na kumvua nguo. Tangu mashine ishike mchezo, hakuna aliyehitaji kumwendea mwenzake kwa lolote. Walifurahia usahihi wake hadi wakasahau njia ya kwenda kwa jirani, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kusahau.

"Ufunguo siugusi," akasema. "Ninakwenda kuomba."

"Na akikataa?" Nyahiri akamfuata hadi nje, juani. "Akikataa utafanya nini, Mwantumu?"

"Sijui."

"Basi ukienda, jua kwamba damu ya wagonjwa wangu iko juu yako."

*

Kituo cha Njiku kilikuwa nyumba mbili za matofali, moja ya kulala na moja ya mayai. Mlango wa ile ya mayai ulikuwa wazi kidogo, na harufu ya manyoya na dawa ilitoka pamoja na mvumo wa mashine.

"Hodi."

"Hodi ya nini? Si mmeshagawana?"

"Shikamoo, Mzee Njiku."

"Marahaba, kama umekuja kwa heri." Alikuwa mwembamba, mkali, ana manyoya kwenye nyusi. Alishika tochi ndogo, akimulika yai moja baada ya jingine, akiyarudisha kwenye trei kwa vidole vilivyokuwa vipole kuliko mdomo wake. "Umekuja na ufunguo?"

"Ufunguo ni mdomo wangu, siwezi kuuacha nyumbani. Lakini nimekuja kuomba. Au kununua."

Njiku akacheka hadi akakohoa. "Kununua! Vizibo vyote vya mji ninavyo mimi. Utanilipa nini, maneno?"

"Nionyeshe kwanza ninachokuomba upoteze."

Hilo Njiku hakulitegemea. Akasogea, akamwacha apite. Kulikuwa na mashine mbili za kuangulia mayai, kila moja ukubwa wa kabati la nguo. Akaeleza, mwanzoni kwa kununa, kisha akasahau kununa. Ugonjwa wa mdondo ulipopita mkoani na kufagia mabanda yote, yeye alimkuta kuku mmoja hai katikati ya mizoga, tetea mwekundu mwenye jicho moja. Akamzalisha. Vifaranga wake wakaugua, wachache wakabaki. Akawazalisha hao wachache. Akawa anaingiza ugonjwa bandani kwa makusudi na kuzika wengi kuliko anaowauza, na hii ndiyo sababu hakuwahi kuwa na viatu vya maana. Mayai yaliyokuwa ndani ya mashine yale yalikuwa uzao wa kwanza ambao hakuna hata mmoja aliyetarajiwa kufa kwa mdondo.

"Hawa wakianguliwa, hakuna mama katika nchi hii atakayeamka akute kuku wake wote miguu juu," akasema. "Umeme ukikatika, ni mayai viza. Sitaishi kuanza upya."

Mwantumu aliona kwamba mkutanoni ilikuwa rahisi kuyaita mayai tu.

"Tumekosea," akasema. "Tumekujadili hujaitwa. Nami ndiye niliyepaswa kulikumbuka hilo."

"Mmekaa chini ya bati la kinu mkaligawa jasho langu. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa akija kwa marehemu mama yangu kuomba zamu, anakaa chini mkekani, hata chai hanywi kabla hajasema lililomleta. Ungenijia siku ya kwanza, Mwantumu, ningezima mashine moja kwa ahsante tu. Mimi si mnyama. Na mimi nakunywa maji hayohayo." Akapangusa nyusi kwa mkono wa shati. "Sasa bei imepanda."

"Itaje."

"Ufunguo. Uuvunje."

Mashine ziliendelea kuvuma. Njiku aliketi juu ya gunia la pumba.

"Leo mmekuja kwa sababu ya maji," akasema. "Sababu nzuri, sina neno. Mwakani mtakuja kwa sababu ya barabara. Mwaka wa tatu mtakuja kwa sababu ya harusi ya mwenyekiti. Wewe una msimamo, nimepigiwa simu nikaambiwa umewakatalia. Lakini utazeeka, au utatishwa, au watampata mwingine mwenye sauti tamu kuliko yako. Mlango wenye ufunguo ipo siku utafunguliwa. Uvunje mbele yao, na mimi nitazima mashine moja. Umeme wake uende kwenye pampu. Ndoo moja kwa kila nyumba hadi upepo urudi, na zahanati ipate yote inayohitaji."

Mwantumu alijua jinsi ya kuuvunja, kwa kuwa aliijenga njia hiyo mwenyewe, tangu mwanzo, kwa matumaini ya kuitumia. Alijua pia gharama yake.

"Kijumbe hana namna ya kufuta ufunguo peke yake," akasema. "Itabidi aisahau sauti yangu. Na sauti iliyowahi kuwa ufunguo haiandikishwi tena maisha, vinginevyo mtu angeurudisha kwa mlango wa nyuma. Sitakuwa na akaunti. Sitafungua bomba, sitanunua chumvi."

Njiku alinyanyua uso. Hili hakulijua. Alitazama mashine zake moja baada ya nyingine.

"Pole," akasema hatimaye. "Lakini bei ni ileile. Nikikuambia nimepunguza nitakuwa nakudanganya."

"Sikuomba upunguze."

Mwantumu alipotoka nje aliwaza juu ya jambo ambalo Nyahiri angemuuliza. Upepo ungekatika tena, mwaka huu au mwingine, na safari hiyo mwenye umeme angeweza kuwa mtu asiyejali mgonjwa wala mzazi. Hapo pasingekuwa na ufunguo wa kumwokoa yeyote. Aliligeuza wazo hilo njia nzima na hakupata mahali pa kulitua, lakini hakupunguza mwendo.

*

Watu walikuwa bado bandani. Mwantumu aliwaeleza makubaliano kwa maneno machache, akaenda moja kwa moja kwenye mita iliyotundikwa karibu na mlango wa kinu, akauinamia wavu wake.

"Kijumbe."

"Sauti ya ufunguo imetambuliwa," ikajibu mita, na kila simu mjini, ya Njiku pia, ikasema pamoja nayo, kama alivyoipangia mwenyewe zamani ili jambo hili lisiwahi kufanywa kwa siri.

"Mwantumu, ngoja!" Nyahiri alijipenyeza kati ya watu, jasho likimtiririka. "Njiku amekubali, vizuri, tumshukuru! Lakini ufunguo uache. Si lazima autumie mtu, ukae tu. Na siku nyingine je? Akija mwenye roho mbaya kuliko huyu?"

"Siku hiyo mtakwenda kwake, mtaomba."

"Na akikataa?"

"Mtapandisha bei. Mtaomba tena. Mtajenga betri zenu mapema. Sijui, dada, siwezi kukuahidi. Ninachojua ni kwamba nimebeba uwezo wa kumpora kila mtu aliyeko hapa, na kila siku nimejiambia mimi ni mtu mwema. Nimechoka kuwa ndilo jambo pekee linalowalinda."

Akaugeukia wavu.

"Kijumbe, isahau sauti hii."

"Hatua hii haina kurudi. Mwenye sauti hatatambuliwa tena katika mji huu. Vizibo vyake vitagawiwa wanachama wote. Thibitisha."

Mtu alilia nyuma kabisa. Nyahiri alimshika mkono, akaukaza, na kwa kitambo ilionekana kama angemvuta kwa nguvu. Alikuwa na nguvu hizo. Mikono ile ilikuwa imewageuza wagonjwa wazito kitandani miaka mingi. Kisha akauachia.

"Thibitisha," Mwantumu akasema.

Simu zote zikanyamaza. Haukupita muda, wakasikia kutoka upande wa kisima kirefu pampu ikikohoa mara mbili tatu, halafu ikashika kazi. Watu walitimka mbio na ndoo. Ng'ambo ya mji, Njiku alikuwa amefungua mlango wa mashine moja, ametia mikono ndani, ameiweka juu ya mayai yaliyokuwa yanapoa. Alilia kwa sauti kama mtu aliyefiwa, na hakuna aliyekuwapo kumsikia.

*

Asubuhi yake foleni ya bomba la sokoni ilikwenda haraka. Kila mmoja alitaja jina, akapata ndoo yake, akaondoka akiwa ameiinamia. Mwantumu alijipanga kama wengine. Alikuwa amejiambia usiku kwamba hatakwenda, kisha kiu ikamfundisha adabu.

Alipofika mbele aliinama, akalitaja jina lake.

"Sauti hii haijulikani," likasema bomba.

Alijua litasema hivyo. Aliliandika neno hilo kwa vidole vyake, akalijaribu mara nyingi, akarekebisha matamshi yake yawe ya upole. Hata hivyo lilimchoma. Alisimama na ndoo yake mbele ya mji mzima, hajui asogee kushoto au kulia, na nyuma yake watu walikuwa wametulia, wanatazama chini.

Mtu akamsukuma kwa bega, kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. Alikuwa Nyahiri, macho mekundu ya zamu ya usiku, ndoo ya nyumbani kwake kichwani. Hakumtazama. Aliishusha ndoo yake, akaiweka pembeni, akauinamia wavu.

"Nyahiri Shango."

"Sauti imetambuliwa. Ndoo moja."

Maji yakatoka. Aliivuta ndoo ya Mwantumu kwa mguu akaiweka chini ya koki, akaiacha ijae hadi nusu, kisha akaihamisha haraka na kuweka yake.

"Dada," Mwantumu akaanza.

"Usiniambie kitu. Bado nina hasira nawe."

"Najua."

"Sijasema zitakwisha." Nyahiri alifunga koki, akaichukua ile nusu ndoo ya Mwantumu, akamsaidia kujitwika. "Simama wima. Maji yanamwagika."